Vigingi Kumi na Kimoja

Aliyesema akiba haiozi
hakuwahi kuishi Tudor, ghorofa ya tatu,
dirisha likikabili hori
na chumvi ikiingia bila hodi.
Hapa hata funguo, zikilala mkobani juma zima,
huamka na kutu.

Hema tulilinunua Kongowea, kwenye mitumba,
baina ya mapazia na makoti ya baridi
ambayo mpaka leo sijui nani huyavaa mji huu.
Mbwana alilitaka lile la buluu, la watu wanane,
lenye chumba na sebule.
Nikamuuliza: nani atalibeba?
Tena nani atalianika?
Akanyamaza. Anajua kamba yetu ya nguo inaishia wapi
na ya mama Riziki inaanzia wapi.

Tukashika la kijani, la watano tukibanana.
Muuzaji akaapa ni jipya.
Nikaingiza kichwa ndani nikanusa,
kama ninavyomfunua samaki matamvua.
Jipya halikuwa. Lakini mishono ilikuwa mizima,
niliivuta kwa kucha, pindo kwa pindo,
na pembeni, chini kabisa, nikakuta
majani makavu membamba kama sindano,
ya mti usioota kwetu,
na jina la mtoto kwa wino, limefifia, halisomeki.
Nilipunguziwa mia tatu kwa wino ule.
Majani sikuyatoa.

Safari ya kwanza, Shimba, mvua ikatulala juu.
Tulirudi usiku, kesho shule,
hema tukalikunja bichi tukalisukuma uvunguni.
"Jumamosi nitalianika," alisema Mbwana
kwa sauti ile ile anayoliahidi bomba la jikoni.
Jumamosi tatu zikapita.

Nilipolifungua lilikuwa na madoa
kama ndizi iliyosahauliwa kabatini,
na harufu ya kisima kilichofunikwa.
Mwanatumu akaziba pua.
Shee akauliza: limekufa?

Nilipanda nalo juu ya jengo, kati ya matangi ya maji,
nikalisugua kwa siki na ndimu hadi adhuhuri,
zipu nikaipaka kipande cha mshumaa
ikaanza kusema tena.
Tangu siku hiyo haliingii ndani
kabla jua halijalila.
Wala silikunji mkunjo ule ule mara mbili:
kitambaa hukatikia pale pale
kinapokumbushwa kila siku.

Betri nazitoa kwenye tochi, la sivyo hutapika humo humo.
Majani ya mwarobaini, kwa ajili ya mende.
Na mifuko ya kulalia siifungi ikabanwa,
naitundika nyuma ya mlango, yote mitano,
mirefu kwa mifupi, kama wageni waliokosa viti.
Shemeji alipoamka usiku kutafuta maji
alitoa salamu.

Vigingi navihesabu kwa sauti.
Vilikuwa kumi na viwili.
Kimoja kipo Shimba bado,
Shee alikigonga mwenyewe kwa jiwe
akakataa katakata king'olewe:
"Sasa mahali petu patajulikanaje?"
Mbwana anasema fundi wa Makupa
atakunja chuma kingine kwa shilingi hamsini.
Namwambia, tutaona.
Pembe ile naifungia jiwe.

Agosti hii miguu ya Mwanatumu
imepita mfuko wake, na yeye anasema
huenda asije, ana mitihani.
Nimeutundika vilevile.

Jana Zamzam nilimkuta ndani ya hema, na kalamu,
ameandika jina lake chini ya lile lisilosomeka.
Nilimgombeza, kisha nikakaa mle nikilitazama.
Siku moja litarudi Kongowea.
Mwanamke ataingiza kichwa, atanusa,
atavuta mishono kwa kucha,
atamwonyesha muuzaji wino huu,
naye atapunguziwa.