Ngeli ya Ndege

Kazi yangu, niandikeni hivyo,
ni kufukuza ndege ili ndege itue.
Mwalimu Kegode alitupigia mstari ubaoni:
ndege huyu, mwenye manyoya, ana uhai;
ndege hii, ya bati, haina.
Basi miaka kumi na minne nimesimama kati ya ngeli mbili,
hapa uwanjani Kisumu,
buti zimejaa tope la ziwa, firimbi shingoni.
Kongoti hawanijali. Wananitazama
kama makarani wa ofisi ya ardhi.

Jumanne walikuja wenye mikoba kutoka Nairobi.
Wakasema: programu hii haisinzii,
haigombani na mkewe alfajiri,
haidaiwi na sacco,
haijapata kuugua malaria ikadai ni uchovu tu.
Nikakubali. Marubani nawajua.
Mwaka ule wa mvua nilimwona Kapteni Wandati
akiishusha ndege usiku juu ya magugumaji
akidhani ni lami.
Sauti ya mashine ndiyo iliyomzindua: Pandisha! Pandisha!
Akapandisha.
Abiria hamsini na wawili walidhani ni upepo,
wakashuka wakiulizia teksi na samaki.

Lakini na nyigu namjua.
Nyigu mmoja, asiyejua kusoma,
alijenga kijumba cha udongo ndani ya mrija
unaoiambia mashine mwendo wake.
Mashine ikausadiki udongo.
Ikapiga hesabu kwa desimali, bila kusitasita,
hesabu safi ya uongo,
ikainua pua ili ipunguze kasi isiyokuwepo.

Akeyo Ndeda ndiye aliyekuwa usukanini.
Aliniambia baadaye, ameshavua viatu:
"Kioo kilisema tunakimbia mno.
Makalio yangu yakasema tunaanguka.
Nikayasikiliza makalio."
Tukacheka. Kisha yeye akaacha kucheka.
Akaomba chai; kikombe kikagonga sahani,
kikagonga,
kikagonga.

Mashine haitetemeki hatari ikishapita.
Hiyo ni sifa, au ni pengo? Wenye mikoba sikuwauliza.
Niliwauliza jambo dogo tu:
siku itakaporuka bila mtu ndani ya chumba cha mbele,
niseme ndege inatua, au ndege anatua?
Wakacheka. Mmoja akaandika kitu,
labda jina langu.

Saa kumi na mbili kasorobo. Ya kwanza hiyo,
taa moja juu ya ziwa, bado ndogo kama punje ya mtama.
Aliyeishika simjui, mkono au hesabu.
Ninachojua ni kongoti mmoja katikati ya lami,
miguu myeupe, mikono nyuma,
hayumo katika desimali ya mtu yeyote.
Nakimbia. Firimbi imelowa, hailii,
nabaki na koo langu:

Toka, ndege!
Toka, wewe!
Na wewe, ndege,
njoo. Njoo polepole.