Arthi

Mbele ya fundi inawaka, kama mtoto
aliyelia usiku kucha, akanyamaza mlangoni pa zahanati.
Njia ya Sikonge, mapipa sita ya asali mgongoni,
inakohoa mara mbili, inazima.
Plagi mpya. Koili mpya.
Kabureta tumeipuliza hadi mate yakanuka petroli.

Leo Mihambo hakugusa spana.
"Iache ingurume," akasema, akazima taa ya gereji,
akaanza kutikisa waya mmoja mmoja gizani
kama nesi anayetafuta mshipa.

Cheche moja, ya buluu,
pale arthi ilipoishika bodi kwa kutu tu.

Msasa wa mia tano.
Nyamizi alishaniambia tangu masika,
"Kuna kitu kimelegea."
Nikadhani ananisema mimi.