Robo Tatu ya Kilo

Soko la Kadutu lilikuwa bado halijafumbua macho
nilipokiweka juu ya mizani yangu ya maharage,
kitabu cha Mama Cibalonza, cha jalada la bluu:
robo tatu ya kilo, pamoja na gazeti alilokifungia.
Mizani haikusema zaidi.

Basi nikapima mwenyewe, usiku baada ya usiku, kwa koroboi,
maana umeme wa Bukavu huja kama mgeni asiyetaka kukaa.

Nisidhulumu: sura ya pili ilinifaa.
Ilisema kinyongo ni jiwe la kusagia
unalotembea nalo kichwani
ukidhani umemtwisha mwenzako.
Kesho yake nikashuka hadi Nguba, mguu kwa mguu,
kwa dada yangu Nabintu,
miaka sita mkono hatujapeana.
Alilia. Akanifungia sambaza, bado wana maji ya ziwa.
Hilo nalitia upande wa kulia, wala sitozi.

Lakini sura ya saba.
Inahesabu dalili za mtoto aliyeingiliwa:
hukojoa kitandani, husema usingizini,
huomba sahani ya pili, hukutazama bila kupepesa.
Nilicheka kwanza. Si mimi huyo, Walungu,
mwaka ule mihogo ilipooza?
Kisha nikaiona penseli.
Mstari chini ya kitandani. Mstari chini ya sahani.
Na pembeni, kwa mwandiko ninaoujua
kutoka daftari letu la likelemba:
Ndiyo. Yeye.

Kwa Mama Cibalonza hulala binti wa marehemu kaka yake,
Mwamini, miaka tisa,
jikoni, ubavuni pa gunia la makala.

Wino ni wa mtu wa mbali, hamjui yeyote hapa.
Penseli ni ya jirani.
Nilitafuta kifutio, nikakosa; na kingefuta nini?
Azima ni kitu cha kurudisha,
azima pia ni hirizi.

Asubuhi nilikirudisha katika gazeti lilelile,
na kilo mbili za maharage juu yake.
Nikasema, Mama, sura ya pili imenirudishia dada.
Akafurahi. “Na ya saba?”
Mvua ilianza kugonga mabati.
Nikasema: kitabu uliniazima, nimekileta salama.
Sasa niazime Mwamini.
Mgongo umenichoka, nataka wa kunishikia mizani.

Hakuuliza hadi lini.
Mimi pia sikutaja.
Mwamini akatoka jikoni,
ndala moja ya kijani, nyingine nyekundu.