Sekunde Kumi na Moja

Ilikuwa ikiamka kama mgonjwa wa homa:
taa ya buluu, giza, taa tena,
kisha ule mkwaruzo kifuani,
kama mtu anayekuna nazi
na nazi imeshakwisha, anakuna kifuu.

Nikiiwasha nafagia baraza,
namwagia mrehani maji, nabandika birika,
nairudia: bado.
Dakika kumi na nane. Siku ya mvua, ishirini.
Kibanda changu kinatazamana na mahkama, hapa Wete.
Napiga chapa madai, hati za mauziano, kadi za harusi,
na wateja wangu walishalizoea benchi.

Mize binti Shaame ndiye aliyenitia maneno.
Bisibisi kaichomeka mtandioni kama pini.
"Bi Salhina, mashine nzima hii. Diski ndiyo iliyochoka."
Akaipindua kifudifudi, akatoa skrubu tisa,
akazipanga kwenye kisosi changu kwa mpango aujuao mwenyewe.
Tukachungulia:
vumbi la miaka kumi na mbili, limeshikana kama sufi,
bawa la mende, punje moja ya ufuta
(mkate wa nani? wa Ramadhani ipi?).

Diski kuukuu ilikuwa nzito kama kufuli.
Mpya akaniwekea kiganjani: "Hii ndiyo esesidi."
Nikaitikisa sikioni. Kimya.
"Haina kinachozunguka," akasema.
"Na kisichozunguka kinakumbukaje?"
"Kwani wewe ulipohifadhi Yasini ulizunguka?"

Kuhamisha kulikula mchana kutwa.
Asilimia arubaini na moja, umeme ukafifia,
tukashika roho. Ukarudi.
Tisini na tisa, ikaganda hapo hapo tisini na tisa
mpaka adhana ya alasiri ikamalizika.
Kisha Mize akaizima, akaiwasha.
Sekunde kumi na moja. Nilihesabu.
Birika halijaanza hata kunong'ona.

Jumatatu akaja Faki Makame, midomo inamtetema.
Ukuta wa nduguye umeingia kwake futi tatu.
"Andika!"
Nikafungua; iko tayari. Nikaandika.
Karatasi ikatoka ya moto, naye wa moto vilevile,
akavuka barabara bila kuligusa benchi.

Ndipo nikawakumbuka waliokuwa wakikaa.
Yule aliyekuja kumshitaki mkwewe:
nilipomwambia "tayari", alikuwa akimsimulia jirani
jinsi mkwe huyo alivyomuuguza surua.
Yule bwana wa vikombe viwili
aliyesema, "Basi, wacha," akaondoka
na kuniachia pesa ya chai kwa nguvu.
Kumbe nilikuwa nauza kitu
wala sikukitia kwenye orodha ya bei.

Sitaki irudi ile ya zamani, sijawa mjinga.
Imo kwenye mtoto wa meza, pamoja na skrubu moja iliyozidi
(Mize anaapa haikuzidi).
Kazi zinakwenda, nafunga kabla ya magharibi.
Ila akija mtu na macho mekundu
naweka kiganja juu ya kifuniko,
nasema, "Ngoja kidogo, inaamka."
Mungu anisamehe uongo huo.

Kombo, nduguye Faki, amekaa benchini sasa hivi,
majibu yake kayakunja mfukoni mwa shati.
Chai ina iliki. Anaipuliza.
Anauliza kama ni kweli mtoto wa Faki
amefaulu kwenda skuli ya Chake.
Namwambia ni kweli.
Na mashine, chini ya kiganja changu,
iko macho zamani, haikwaruzi,
inatungojea.