Nilikuja Kugomba

Mwalimu Zihalirwa, nilikuja kugomba, ujue.
Nilipanda ngazi zote za Nyamugo, kikapu tupu mgongoni,
kamba bado kwenye paji la uso,
maneno nimeyapanga kama nyanya za kuuza:
makubwa juu, yaliyooza chini.

Nilitaka kusema: nimebeba unga miaka kumi na moja
ili Nsimire ashike kalamu.
Leo sare yake ina tope mpaka kwenye kola,
na nikimuuliza amesoma nini
anajibu: Mama, tumesoma mteremko.
Mteremko!
Nani hapa Kadutu hajasoma mteremko?

Nikakukuta nyuma ya darasa, pale ambapo ukuta
uliondoka na mvua ya mwezi wa nne.
Watoto kumi na tisa, majembe matatu,
na bomba jembamba la plastiki, maji yanaonekana ndani yake
kama mshipa kwenye mkono wa mtoto mchanga.
Hukunisalimia. Ulisema:
"Mama, shika huku. Usitikise."

Nikashika.
Mtu anagombaje huku ameshika maji?
Ng'ambo ile, karibu na choo cha jirani, alisimama Nsimire,
yule ambaye ripoti yako inasema "hajibu darasani",
akapaza sauti: Shusha kidogo! Kidogo tena! Hapo!
Akachomeka kijiti kwake, nami kwangu.
Nikavitazama nikacheka: hiki kiko chini kuliko kile,
macho ninayo.
Hapana, Mama. Jicho linafuata kilima.
Maji hayamfuati mtu.

Kijiti cha saba kikakataa,
kikapanda juu ya wenzake kama mtu asiyetaka foleni.
Cirhuza akasema bomba limechoka.
Wewe ulijua, Mwalimu. Nilikuona umebana midomo.
Wakaligonga kwa vidole, wakalifuata wakiwa wameinama
mpaka wakakipata: kiputo cha hewa, punje ya mtama,
kimelala katikati ya maji kinayasingizia.
Kikatoka. Vijiti vikapatana.

Ndipo na mimi nikafungua kinywa,
na yale niliyoyapanga hayakutoka.
Nikasema: mfereji wenu mzuri, ila mvua haipiti hapa.
Inapita kwa Mama Nabintu, inageuka kwenye lile jiwe.
Najua, kwa sababu magoti yangu yanageuka hapohapo
nikiwa na kilo themanini.
Msichana mmoja akafungua daftari:
unainama kwa pembe gani?
Sikujua pembe. Nikamwonyesha mgongo.
Nikainama kama ninavyoinama kila siku,
wakanipima ubavuni kwa rula na uzi wenye jiwe,
nyuzi ishirini na sita, wakaandika,
na pembeni jina langu.
Sijawahi kuandikwa daftarini
ila lile la madeni.

Usiku wa Jumanne mvua ilikuja na mizigo yake yote.
Mvua kama hiyo huwa ninawahesabu wanangu gizani
kwa kugusa miguu.
Miwili ilikosekana.
Nsimire alikuwa mlangoni na tochi ya simu,
anasikiliza maji yanapogeukia.

Asubuhi mfereji wa juu umeshika.
Wa chini umemezwa, hatua nne nzima.
Sikumwona akilia. Aliomba sabuni, akafua shati,
akalivaa likiwa bado bichi, akaokota vijiti.

Mwalimu, sijaridhika, ujue.
Sabuni inanunuliwa.
Lakini jioni, nikitoka sokoni, nitapitia tena huko,
kama lile bomba litahitaji mtu
wa kushika upande wa chini.