Safu ya Tisa

Tumepewa turubai, viti viwili vya plastiki,
kalamu zilizofungwa kwa uzi zisipotee,
na fomu zenye safu nane:
pikipiki, bajaji, gari dogo, basi dogo, basi kubwa,
lori la ekseli mbili, lori la ekseli tatu,
na la mwisho, lenye tela.
Siku saba, usiku na mchana,
hapa mbele ya Bahi, njia ya kwenda Singida.
Vijiti vinne visimame, cha tano kilale juu yao.
Kazi ndiyo hiyo.

Ndahani ana zamu ya usiku.
Ameshayajua malori ya Kigali kwa mngurumo,
ya Bujumbura kwa kikohozi yakibadili gia.
Mimi nina mchana, na upepo wa Julai
unaotaka kunipokonya karatasi
kama msimamizi mkali mwisho wa mtihani.

Jumanne alikuja Mhandisi Lwitiko na ramani,
akaitandaza kwenye boneti, tukaibana kwa mawe.
Njia nne. Mizani mpya. Mchepuko wa malori
yasipite katikati ya mji.
Kidole chake kilitoka Dodoma hadi Manyoni
bila kushika vumbi.
Nikakitafuta kijiji hiki tulichokaa,
nikaona namba ya karavati.

Sikatai. Barabara naitaka.
Mama yangu alilala Saranda usiku kucha,
lori lililopinduka limeziba mlima,
naye ana miadi ya figo Dodoma alfajiri.
Najua lami nayo ni dawa.
Nasema tu nilichokiona:

kisima kiko ng'ambo ile, shule iko ng'ambo hii,
mashine ya kusaga ng'ambo ile tena,
kana kwamba kijiji kilitangulia kukaa
na barabara ikaja kukipasua kama tikiti.
Ndivyo ilivyokuwa.

Sechelela alipita mara sita kabla ya adhuhuri.
Mara ya sita akatua ndoo.
"Unaandika nini?"
"Magari."
"Na mimi?"
Nikamwonyesha fomu. Akaisoma yote, polepole,
midomo ikicheza, maji yakimchuruzika shingoni.
"Basi niandike basi," akasema.
"Dogo. Nina abiria mgongoni
na mzigo kwenye keria."

Nilicheka. Kisha sikucheka.
Nikachomoa kitambulisho, ukingo wake ukawa rula,
nikachora safu ya tisa pembeni,
pale palipoandikwa kwa matumizi ya ofisi tu.
Saa moja ile: malori kumi na moja yenye tela,
watu sitini na wanne kwa miguu,
watoto wa darasa la kwanza wameshikana mikono
wakingoja pengo, wakirudi nyuma, wakingoja,
na mzee mmoja na mbuzi wake
niliyeshindwa kuamua kama ni mmoja au wawili.

Mhandisi aliigeuza karatasi mara mbili.
"Hii haina pa kuingia kwenye mfumo."
"Najua."
"Mfumo unahesabu ekseli."
"Najua, mkuu."
Fomu nyingine akazitia kwenye faili.
Hii aliikunja, akaiweka mfuko wa shati,
na mpaka leo sijui
mfuko ule uko karibu na moyo
au karibu na dobi.

Jumapili tulikunja turubai.
Ndahani akaondoka na pikipiki, kijiti kimoja
ambacho hakuna aliyekichora.
Basi la Dodoma husimama upande wa pili.
Nikasimama ukingoni na begi langu.
Lori likapita, likaja jingine,
upepo wake ukanivuta shati kama mdai.
Kisha mkono wenye ubaridi wa ndoo
ukanishika kiwiko.
"Bado," Sechelela akasema.

"Bado."

"Sasa."