Mizani ya Mabatini

Kwenye beji wameandika "Bw. K. Lushinge".
Nimeivaa hivyo hivyo. Dada wa mapokezi
ana foleni ya maprofesa nyuma yangu
na kalamu imemgomea.

Ukumbi unatazama ziwa. Zulia linameza nyayo.
Kiatu cha kushoto, nilichoazima kwa Nyanzobe,
kinanibana kama swali.

Miezi kumi na minne nimepima chupa.
Kila Jumanne alfajiri, Mto Mirongo umefura,
chupa zinashuka kama watoto waliofunguliwa shule,
mimi na daftari, Mama Sungwa na mizani yake ya ndoana
isiyosema kweli mpaka uigonge mara mbili.
Nilijifunza kuigonga. Hilo sikuliandika
kwenye sura ya mbinu.

Dakika kumi.
Kidude cha kubadili picha kinaruka
kutoka ya pili hadi ya tano.
Nasema "kama mnavyoona". Hawaoni kitu.
Nasema "urejelezaji" mara tatu, na mara zote tatu
r inageuka l,
Magu nzima inachungulia mdomoni mwangu.

Safu ya mbele, miwani imepandishwa kipajini:
"Binti, umepima kituo kimoja tu.
Na hiyo mizani, nani aliihakiki?"

Nikakohoa.
Nikamwona Mama Sungwa anavyolamba kidole kuhesabu noti,
anavyomwambia Masunga, "Leo mia tatu. Jana mia nne, najua.
Sikupanga mimi, wamepanga huko,"
kidevu kikielekea huko, kusikojulikana.

"Wauzaji wenyewe, Profesa," nikasema.
"Kila mmoja hupima kwa mkono kabla ya kuning'iniza.
Ikikosea nusu kilo, Mabatini yote inasikia."
Watu wakacheka. Sijui kama walicheka nami.
Yeye akaandika kitu.
Mpaka leo natamani kukisoma.

Chai, sambusa za nyama.
Chupa ndogo za maji, mbili kila kiti,
zimeonjwa mafunda mawili, zimeachwa.
Nikaanza kuhesabu. Ni ugonjwa, najua.
Mia na themanini na tatu, nikakomea meza ya wafadhili
ambako mama mmoja alinipa sahani chafu.
Nikamwonyesha beji. Akaisoma.
"Samahani, bwana."

Mwingine, wa kugawa kadi za simu yake,
"Ukimaliza shahada unataka nini?"
Taka, nusura nimjibu.
Kiswahili kilinitania tangu siku ya kwanza:
tunachokitupa na tunachokililia,
neno lile lile.

Bango langu la turubai, elfu arobaini na tano za mkopo,
lilipata watazamaji watatu,
mmoja akichaji simu kwenye soketi iliyokuwa chini yake.
Jioni nikalikunja. Kijana wa jikoni akanipa kiroba,
tukamwaga maji kwenye maua, tukajaza chupa.
Mlinzi getini akakipekua mpaka chini
akitafuta vijiko.

Jumanne iliyofuata Mama Sungwa akauliza,
"Hilo turubai linavuja?"
"Halivuji."
Akalifunga juu ya mizani, kamba za katani pembe nne,
maandishi yakitazama mawingu.
Kwa chini, jua likipenya, unasoma kinyumenyume:
jina la chuo, shukrani, mchoro wa bei
na utabiri wangu, ule mstari mwekundu
uliokuwa ukipanda kwa madaha mpaka mwaka ujao,
sasa unateremka.

Masunga akainua shingo, akautazama muda mrefu.
"Hii ndiyo bei?"
"Ndiyo."
"Basi umepatia."

Tukaning'iniza kiroba cha mkutano.
Mama Sungwa akagonga mara moja, akanitazama,
nikagonga ya pili.
Kilo mbili kasoro robo.
Mia tano ishirini na tano.
Akanipa mia tano.
Ile ishirini na tano, alisema,
ni ya kivuli.